Sura ya Shangazi Kwenye Chupa

Sijamsamehe yule kijana, na sina mpango wa kumsamehe. Watu wa kanisani kwetu wameniambia kinyongo humchoma anayekibeba, nami nimewajibu kwamba najua. Ninaandika haya asubuhi, dukani, kabla wateja wa fotokopi hawajaanza kuingia, na hasira niliyo nayo leo ni ileile ya mwaka juzi.

Kazi yangu ni kuchapa. Kwa zaidi ya miaka kumi na tano nimewachapia watu wa Tabora barua zao katika duka moja la steshenari karibu na soko kuu: maombi ya kazi, hati za mauziano ya viwanja, risala za harusi, wasifu wa marehemu unaosomwa makaburini. Mwenye duka ni mzee wa Kiarabu aliyezaliwa hapahapa, baba yake naye alizaliwa hapahapa, na Kinyamwezi chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Yeye ndiye aliyeniruhusu kutumia kompyuta na bando la dukani nilipomwambia nataka kufungua blogu.

"Hiyo blogu ndiyo nini?" aliniuliza.

"Ni kama gazeti, Mzee. Ila ni la mtu mmoja."

"Na gazeti la mtu mmoja atalisoma nani?"

Nilimwambia sijui. Kaka yangu, ambaye anauza vipuri vya baiskeli, yeye alicheka kabisa. Alisema nachapa kutwa nikilipwa, halafu nikimaliza naanza kuchapa bure, na kwamba huo ni ugonjwa utafutiwe dawa. Nilimwacha acheke. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiandika maneno ya watu wengine, nikiweka koma zao mahali pake, na nilitaka na mimi nione maneno yangu yamekaa mahali.

Nikawa naandika nilichokiona. Mgahawa gani unapika maharage yakaiva. Mvua iliyong'oa bati la ofisi ya kata na bati likatua kwenye shamba la mtu, wakaanza kugombania ni la nani. Treni iliyochelewa, na abiria walivyofanya urafiki wakiingoja. Mwaka wa kwanza wasomaji wangu walikuwa wanangu wawili na mwanamke mmoja wa Mwanza niliyesoma naye. Sikujali.

Mwaka wa pili nilipanda treni kwenda Dodoma kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Treni iliposimama Kigwa, wauzaji wakaja madirishani kama kawaida. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja mwenye beseni la matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa hadi vikawa vigumu kama ngozi na vitamu kama tende. Wenzake walikuwa wanapiga kelele. Yeye alikuwa anakupa kipande kimoja, anakutazama unavyotafuna, kisha anasema, "Usikimeze. Kingoje." Na kweli, ukikingoja utamu unakuja. Nilinunua mfuko mzima, na niliporudi Tabora nikamwandika.

Baada ya miezi michache nilipita tena pale. Yule mama alikuwa hakimbii. Alikuwa amesimama mahali pamoja, na abiria ndio waliokuwa wakichungulia madirishani wakiuliza, "Yuko wapi mama wa kingoje?" Nilipomweleza kwamba nilimwandika, hakunielewa vizuri, lakini alinishika mkono.

"Nilidhani nimerogwa," alisema. "Watu wananiita kabla sijafika. Sasa wakwe zangu wawili wanaanika, na bado hatutoshi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba maneno yangu yana miguu. Wageni walianza kuingia dukani kuuliza kama hapa ndipo anapochapa yule mwandishi, na wakishaniona walijikuta wanatoa na kopi za vitambulisho vyao. Mzee alininunulia kiti chenye mto. Kaka yangu alikuja siku moja, akakohoa, akasema labda ningeandika kidogo kuhusu vipuri. Niliandika. Aliuza minyororo yote aliyokuwa nayo, na tangu hapo habari ya ugonjwa haikutajwa tena.

Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mjinga. Nilijua blogu ni nini na inaweza kumfanyia nini mtu mwenye kitu kizuri cha kuuza. Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba mlango ninaoufungua kwa ajili ya wema, mwizi naye anapitia humohumo.

Shangazi yangu anaishi ndani kidogo baada ya Urambo, mahali tumbaku inapoishia na msitu unapoanza. Mume wake alikuwa mrina asali. Alipofariki, ndugu wa mume walitaka kugawana mizinga, wakisema mwanamke hapandi mti. Shangazi alivaa suruali ya marehemu ndani ya khanga, akapanda mti mbele yao, akaushusha mzinga kwa kamba bila kuupasua. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena. Asali yake haichemshi. Anaichuja kwa kitambaa, taratibu, kutwa nzima, na katika kila mzinga anaacha masega. Husema, "Nyuki ni jirani. Huingii kwa jirani ukatoka na kila kitu."

Nilimwandika shangazi. Ndiyo posti iliyosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika. Niliweka lile neno lake la jirani, niliweka habari ya suruali na kamba, na juu kabisa niliweka picha yake ameshika sega, anacheka, pengo lake la mbele linaonekana.

Baada ya wiki chache simu ikapigwa kutoka Dar es Salaam. Kijana mwenye sauti ya upole. Alisema yeye na wenzake wana kampuni ndogo ya vyakula vya asili, kwamba amesoma posti yangu mara tatu, na kwamba wanataka kununua asali ya shangazi na ya jirani zake, wao wote, kila msimu. Nilifurahi hadi nikakosea kuchapa jina la marehemu wa watu.

Alikuja mwenyewe. Nilimpeleka. Tulishuka barabarani, tukapanda bodaboda mbili hadi kwa shangazi. Shangazi alimchinjia kuku. Kijana alikula, akanawa, akarekodi kila neno kwenye simu yake, akauliza maswali mazuri. Aliondoka na dumu moja la asali, akasema ni la kupimia maabara. Shangazi alikataa kulipwa kwa sababu mgeni halipi. Aliporudi Dar, kijana hakututafuta tena. Nilipiga simu, nikatuma ujumbe, nikaambiwa mambo bado yako kwenye mchakato. Mwisho nikaacha, nikamwambia shangazi wafanyabiashara ndivyo walivyo, akasema sawa.

Mwaka ukapita. Siku moja, saa nne asubuhi hivi, shangazi akaingia dukani bila taarifa. Alikuwa amepanda basi la alfajiri. Hakuketi. Alifungua khanga aliyokuwa amefungia kitu, akaweka chupa ya asali juu ya kibodi yangu.

"Soma," alisema.

Kwenye lebo kulikuwa na uso wake. Sega, kicheko, pengo. Chini ya picha waliandika Bibi wa Msituni. Nikaigeuza chupa nikaanza kusoma kwa sauti, na sikufika mbali kabla sijajua ninachokisoma. Zilikuwa sentensi zangu. Suruali ya marehemu, kamba, kitambaa cha kuchujia, na lile neno la jirani. Hata koma zilikuwa zangu. Nilizisoma zote hadi mwisho kwa sababu shangazi alikuwa amesimama ananingoja nimalize.

"Sasa onja."

Nilichovya kidole. Ilikuwa sukari iliyopikwa ikatiwa rangi, na asali ndani yake ilikuwa ya kusingizia tu.

Shangazi alinieleza ilivyofika kwake. Sista mmoja wa misheni, mteja wake wa miaka mingi, ambaye kila mavuno huchukua asali ya zahanati yao, alikuja kwake na ile chupa. Aliinunua hapa mjini alipoona sura anayoijua. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mama, imenihuzunisha," akaiacha chupa mezani akaenda zake. Na msimu ule hakuchukua asali.

"Hii picha waliipata wapi?" shangazi aliniuliza.

"Kwenye blogu yangu."

"Uliniambia unapiga ukawaonyeshe watoto."

Ni kweli. Ndivyo nilivyomwambia. Nilikuwa na haraka siku ile, na kumweleza mtandao ni nini kungechukua muda, nikasema la kwanza lililonijia kinywani. Mwenye duka alikuwa nyuma ya kaunta, akainuka akaenda kutafuta kitu stoo ambacho najua hakikuwepo.

Nilimpigia yule kijana palepale. Alipokea.

"Dada yangu," alisema, bado kwa upole, "kitu kikishawekwa mtandaoni ni cha wote. Halafu tazama upande wa pili. Bibi sasa hivi anajulikana nchi nzima. Tunamtangaza bure."

"Mnamtangaza kwa sukari."

"Niko kwenye kikao, dada. Nitakupigia."

Hakupiga. Nikawa siwezi kula. Nilikuwa nachapa huku nagongagonga vitufe hadi Mzee akaniambia nitavunja kibodi na kibodi haina kosa. Nilikuwa namfikiria babu wa babu yangu, ambaye alikuwa mpagazi. Alibeba nta na pembe mabegani kutoka hapa hadi pwani, na akarudi na kovu begani na vitambaa viwili. Wenye mizigo wameandikwa vitabuni. Yeye hata nyumbani tunajua jina lake tu kwa sababu mjomba mmoja alilirithi. Nilikuwa nadhani mambo hayo yaliisha reli ilipofika.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Aliingia dukani msichana wa ofisi fulani na tangazo la kutoa kopi mia moja. Semina ya wajasiriamali, hapa Tabora, siku tatu zijazo. Mada: nguvu ya blogu na simulizi katika kukuza biashara. Mzungumzaji mgeni kutoka Dar es Salaam, na picha yake ilikuwa pale juu, yuleyule kijana, ametabasamu na suti. Nilisimama kwenye mashine nikamtoa kopi mia moja kwa mikono yangu. Moja nikaibakiza.

Shangazi alikuwa bado kwangu. Nilimsomea lile tangazo, nikamuuliza kama anataka kwenda.

"Wanaingia watu wa namna gani?"

"Wenye biashara."

"Basi na mimi ninayo," alisema.

Ukumbi ulijaa. Mafundi cherehani, wenye maduka ya dawa za mifugo, vijana wa simu, kina mama wa vikundi kutoka Igunga na Nzega. Tulikaa safu ya nne. Shangazi alivaa khanga mpya na kitambaa cheupe kichwani, na kijana hakumtambua. Labda kwa sababu hakuwa ameshika sega.

Aliongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema mteja hanunui kitu, ananunua habari ya kitu. Alisema posti moja iliyoandikwa kwa moyo inafanya kazi kuliko mabango kumi barabarani, na hapo nilitaka kucheka maana mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha. Kisha akatoa mfano wa kampuni yao. Picha ya shangazi ikatokea ukutani, kubwa kuliko mlango.

"Nilikaa na huyu bibi," alisema, "nikamsikiliza, nikaandika simulizi yake. Nilipoandika kwamba nyuki ni jirani, niliona mauzo yanabadilika."

Shangazi aliinuka. Mratibu wa semina akamwashiria akae, akasema maswali ni mwishoni, mama. Shangazi hakumtazama. Alikivua kile kitambaa cheupe ili uso wake uonekane wote, akasimama tu, na watu wakaanza kugeuka kutoka kwake kwenda ukutani, na kutoka ukutani kurudi kwake. Minong'ono ikapita safu hadi safu. Kijana akasita katikati ya sentensi.

"Mjukuu wangu," shangazi alisema, "ulikula kuku wangu."

Kijana akajaribu kutabasamu. "Bibi. Karibu sana. Jamani, huyu ndiye..."

"Nani?"

"Huyu ndiye Bibi wetu wa..."

"Jina langu nani?"

Kijana alitazama karatasi zake. Akanitazama mimi, maana alikuwa ameniona sasa, na nikaona wazi kwamba anangoja nimsaidie. Mimi niliyemwandikia maneno yote mengine, alitaka nimpe na hilo. Sikumpa.

"Uso wangu unao," shangazi alisema. "Maneno yangu unayo. Jina hukulihitaji. Sasa waambie hawa watu kilichomo ndani ya chupa."

Hakuwaambia. Mratibu aliomba watu wapumzike wanywe chai. Pale kwenye chai kijana alitufuata, akasema amefikiria, shangazi anaweza kuwa balozi wa bidhaa, asafirishwe kwenda Dar, apigwe picha mpya za kitaalamu. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu zote.

"Uache kupika sukari," alimjibu, kisha akaniambia mimi kwa Kinyamwezi kwamba anataka kwenda nyumbani.

Kesho yake asubuhi Mzee alikuta nimeshafika dukani. Alisimama nyuma ya kiti changu akasoma mistari ya mwanzo.

"Andika," alisema. "Ila kweli tupu. Usitie chumvi, watakukamata kwa chumvi."

Sikutia. Niliandika lini alinipigia, lini alikuja, alikula nini, alichukua nini, lebo inasema nini na posti yangu ya awali ilisema nini, neno kwa neno, zikiwa zimewekwa pamoja. Niliandika pia kwamba sikumwomba shangazi ruhusa ya picha. Hapo ndipo vidole vilipogoma. Nilifuta ile sentensi mara nyingi nikairudisha.

Ile posti ilikwenda mbali kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Watu nisiowajua walinipigia kutoka Mwanza, Kigoma na Arusha. Hapa mjini maduka mawili yaliziondoa zile chupa rafuni kabla ya mchana, na mwenye duka la tatu alinipigia kuniuliza kama nitataja kwamba na yeye ameziondoa. Niliandika. Yule sista aliposikia alikwenda kwa shangazi kwa miguu, akaomba radhi, akachukua asali aliyokuwa ameiacha msimu ule.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kampuni ilitoa tangazo kwamba kulikuwa na kutoelewana, ikabadilisha lebo. Sasa wana mchoro wa kikongwe asiye na pengo, asiyefanana na mtu yeyote aliyewahi kupanda mti. Lile neno la jirani bado lipo. Ukiingia kwenye maduka makubwa utalikuta. Na kijana bado anafundisha, nimeona matangazo yake, mikoa mingine. Na pale Urambo ipo familia moja ambayo hadi leo husema yule mama aliwahi kuuza sukari, na ukiwaeleza wanaitikia kwa kichwa, lakini asali wananunua kwingine. Posti zangu zote hazijaweza kuifuta hiyo. Jina likishachafuka kijijini, mtandao hauna sabuni yake.

Na shangazi alinikasirikia. Si siku ile, baadaye, nilipokwenda kumsalimia mavuno yaliyofuata. Aliniacha nimalize uji.

"Yule kijana ni mwizi," alisema. "Lakini mwizi alinikuta nje. Wewe ndiye uliyenitoa nje, na hukuniambia."

Nilimwambia anisamehe, akasema amesikia, jambo ambalo si sawa na kusamehe, na sote wawili tulijua. Niliifuta picha palepale kwenye simu, mbele yake, ingawa nilijua ilikwishatawanyika. Alinitazama nikifanya hivyo kama mtu anayemtazama mwenzake akifunga zizi wakati ng'ombe wako porini.

Siku hizi kila mavuno ninakwenda, na nikiandika kuhusu asali au msitu au chochote cha kwao, ninamsomea kwanza kwa sauti. Hajui kusoma lakini ana sikio kali kuliko mwalimu yeyote aliyenifundisha.

"Ondoa hapo," ataniambia. "Hapo unanipamba."

Ninaondoa. "Na hapo sikusema hivyo. Nilisema inauma." Ninaweka inauma. Picha hataki tena, na simuombi.

Wiki iliyopita simu ilipigwa tena. Kampuni nyingine, sauti nyingine, ya kike safari hii, ina heshima, inasema wanatafuta simulizi halisi kwa ajili ya asali na wangependa tushirikiane. Huenda ni watu wema. Hasira yangu haijali. Nilimwambia mimi siuzi simulizi ya mtu. Nikamweleza basi la kupanda, mahali pa kushuka, na bodaboda ya kuchukua, nikamwambia aende mwenyewe, aketi chini, na kabla hajauliza habari za nyuki amuulize mwenyeji anaitwa nani.

Alisema atafikiria. Nikakata simu, maana kulikuwa na mtu kaunta anangoja kuchapiwa wasifu wa mama yake.